Chumvi Kidogo, Kazi Kubwa: Madini Katika Mwili na Wajibu wa Usharika

SOMO LA ROBO MWAKA KWA KAMATI ZA SHARIKA NA MARAFIKI WA DAYOSISI



Somo la robo hii linatokana na maswali mawili yaliyotufikia ofisini.

Swali la kwanza limetoka kwenye sharika. Baada ya ibada, wauzaji wamekuwa wakiomba nafasi uwanjani pa kanisa ili wauze unga na vidonge vya madini. Wanasema bidhaa hizo husawazisha homoni, husafisha tumbo na kurudisha nguvu za mwili. Baadhi ya washarika wametoa fedha nyingi, na wengine wameanza kuacha dawa za presha walizopewa hospitalini. Kamati zinauliza: turuhusu au tukatae?

Swali la pili limetoka kwa marafiki wetu wa mbali, ambao kwa moyo mwema wanauliza kama watusaidie kwa kutuma shehena ya vidonge vya madini kwa ajili ya vijiji vyetu.

Maswali haya yana jibu moja, lakini haliwezi kueleweka mpaka tujue kwanza madini hufanya kazi gani mwilini. Tunaomba somo hili lisomwe katika kikao cha kamati na katika jumuiya, halafu lijadiliwe kwa kutumia maswali yaliyo mwishoni.

1. Madini ni nini?

Chakula chetu hutupatia wanga, protini, mafuta, vitamini na madini. Madini hayatengenezwi na mwili. Yanatoka ardhini, yanapita katika maji, mimea na wanyama, ndipo yanatufikia. Kwa hiyo ardhi ikipungukiwa na madini fulani, mazao yake yatapungukiwa, na watu wanaokula mazao hayo watapungukiwa pia, hata kama wanashiba kila siku.

Baadhi ya madini, yakiyeyuka katika maji ya mwili, hubeba chaji ndogo ya umeme. Hayo ndiyo huitwa elektrolaiti. Makubwa kati yake ni sodiamu na kloridi, ambazo ndizo chumvi ya mezani, kisha potasiamu, magnesiamu na kalsiamu. Sodiamu hukaa zaidi nje ya seli, na potasiamu hukaa zaidi ndani. Kila seli ina pampu ndogo ukutani mwake inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, usiku na mchana, bila kupumzika. Kutokana na tofauti hiyo ya ndani na nje, neva hupeleka habari, misuli hujikunja na moyo hupiga. Pampu hii iligunduliwa na mwanasayansi wa Denmark, Jens Skou, mwaka 1957, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997.

Mwili una walinzi wa mizani hii. Figo ndizo mlinzi mkuu, nazo hupokea maagizo kutoka kwa homoni. Tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni iitwayo aldosteroni, ambayo huziagiza figo zibakize sodiamu na kutoa potasiamu iliyozidi. Mtu mwenye afya njema anayekula chakula cha mchanganyiko hahitaji kununua unga wa kusawazisha elektrolaiti zake. Figo zake zinafanya kazi hiyo bila malipo.

2. Madini joto na homoni ya tezi ya shingo

Mbele ya shingo, chini ya koo, tuna tezi yenye umbo kama la kipepeo. Tezi hii hutengeneza homoni inayoamua kasi ya kazi zote za mwili: joto, mapigo ya moyo, ukuaji wa mtoto na uchangamfu wa akili. Homoni hiyo haiwezi kutengenezwa bila madini joto. Kila chembe ya homoni kuu ya tezi hii, thairoksini, ina vipande vinne vya madini joto ndani yake.

Madini joto yakikosekana, ubongo huiagiza tezi iongeze juhudi. Tezi hujitahidi, huvimba, na hapo tunaona rovu. Lakini rovu ni dalili ya nje tu. Madhara makubwa zaidi hayaonekani shingoni. Mama mjamzito aliyepungukiwa na madini joto anaweza kuharibikiwa na mimba au kuzaa mtoto mfu. Katika miezi ya mwanzo mtoto aliye tumboni hutegemea kabisa homoni ya mama yake ili ubongo wake ujengeke. Ikikosekana sana, mtoto huzaliwa na ulemavu wa akili, pengine na uziwi au kudumaa, na hakuna dawa ya kurudisha kilichopotea. Hata upungufu usio mkali hupunguza uwezo wa mtoto kujifunza.

Kwa nini nyanda za juu? Mvua za miaka mingi huosha madini joto kutoka katika udongo wa milimani na kuyapeleka baharini. Ndiyo maana samaki wa baharini wana madini joto mengi, na mahindi ya milimani yana machache. Mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini ilijulikana kwa rovu kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1980 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi. Pale ambapo muhogo mchungu huliwa bila kulowekwa na kukaushwa vizuri, hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa sumu ya muhogo huzuia tezi kupokea hata madini joto machache yaliyopo.

Dawa yake ni rahisi. Uswisi ilianza kuongeza madini joto katika chumvi mwaka 1922, na jimbo la Michigan nchini Marekani likafuata mwaka 1924. Hapa kwetu, tangu miaka ya 1990 kanuni za nchi zinataka chumvi ya kuliwa iwe imeongezwa madini joto. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito 250. Hicho ni kiasi kidogo sana, ambacho hakionekani kwa macho. Lakini kinahitajika siku zote, maana mwili hauweki akiba ya kutosha miaka mingi.

Pamoja na hayo, chumvi isiyo na madini joto bado inaingia katika masoko yetu. Wazalishaji wadogo wa pwani na wa bara ni wengi, si wote wenye vifaa vya kuchanganyia. Chumvi ya mawe hufika kwa magunia, inapimwa kwa kopo, na bei yake humvutia mama mwenye fedha kidogo. Tena, hata chumvi nzuri huharibika ikianikwa juani gengeni, au ikiwekwa wazi karibu na moshi na unyevu wa jikoni.

3. Chumvi, sukari na utumbo

Mmeng'enyo wa chakula nao unategemea madini. Asidi ya tumboni, inayoua vijidudu na kuanza kulainisha protini, hutengenezwa kwa kloridi itokanayo na chumvi. Misuli ya utumbo husukuma chakula kwa msaada wa potasiamu na kalsiamu. Mtoto aliyeharisha sana na kupoteza potasiamu tumbo lake huweza kujaa na kutulia, maana misuli imekosa nguvu ya kusukuma.

Kuharisha huua kwa sababu maji na chumvi hutoka mwilini kwa wingi kuliko vinavyoingia. Wazazi wengi hufikiri dawa ni kumnyima mtoto maji ili kuharisha kukome. Wengine humpa maji matupu, au soda. Maji matupu hayarudishi chumvi. Soda ina sukari nyingi mno, ambayo huvuta maji kuingia utumboni na kuongeza kuharisha.

Mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alieleza jambo ambalo limeokoa mamilioni ya watoto. Katika ukuta wa utumbo mwembamba upo mlango unaopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja. Kimoja bila kingine hakipiti vizuri hapo. Vikipita pamoja, maji huvifuata. Na mlango huu huendelea kufanya kazi hata wakati mtu anaharisha au ana kipindupindu.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijazana upande wa India, na kipindupindu kikaingia. Katika kambi ya Bongaon maji ya dripu yalikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru chumvi, sukari na magadi ya kuokea vichanganywe, na ndugu wa wagonjwa wakafundishwa kuwanywesha kikombe kwa kikombe. Mahali ambapo walikuwa wakifa watu kama 30 katika kila wagonjwa 100, vifo vilishuka hadi chini ya wanne. Wajumbe wa kamati, tuangalie hapo: walioshika kikombe hawakuwa madaktari. Walikuwa akina mama, akina baba na kaka wa wagonjwa.

Leo ORS inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF tangu mwaka 2002 ina, kwa kila lita moja, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitreti. Tangu mwaka 2004 mashirika hayo yanashauri pia mtoto apewe vidonge vya zinki, miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, na miligramu 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Zinki husaidia ukuta wa utumbo kupona na hupunguza uwezekano wa kuharisha tena katika miezi inayofuata. Tumekuta mara nyingi mama akiacha vidonge siku ya tatu kwa sababu kuharisha kumekoma. Wajumbe, hapa ndipo kazi yenu ilipo: kumtembelea na kumtia moyo amalize.

Ikiwa pakiti haipo na zahanati iko mbali, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, weka vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, koroga mpaka viyeyuke. Onja: usiwe na chumvi kuzidi machozi. Ukiwa na chumvi kupita kiasi ni hatari kwa mtoto, uumwage na kuanza upya. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, mkubwa zaidi nusu hadi kikombe kizima, kidogo kidogo. Aendelee kunyonya na kula. Maji yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Mtoto asiyeweza kunywa, aliyelegea, mwenye macho yaliyodidimia au anayeharisha damu apelekwe kituo cha afya mara moja, huku akinyweshwa njiani kama anaweza.

4. Madini chuma na nguvu za mwili

Watu wengi wanaolalamika kuishiwa nguvu hawakosi elektrolaiti, wanakosa damu. Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna madini chuma, nayo ndiyo hubeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni. Bila oksijeni, chakula hakiwezi kugeuzwa kuwa nguvu, hata mtu akila sahani mbili za ugali. Ni sawa na kujaza kuni katika jiko lisilo na hewa.

Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba Tanzania wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa kuzaa, na watoto 58 katika kila 100 wa chini ya miaka 5, walikuwa na upungufu wa damu. Sababu ni zaidi ya moja. Malaria huharibu chembe za damu. Minyoo ya safura hunyonya damu utumboni. Hedhi na uzazi wa karibu karibu humaliza akiba. Na chakula chenyewe huwa hakina madini chuma ya kutosha, au kinayo lakini mwili hauyapokei.

Tunataka kulisisitiza hili la mwisho, kwa sababu halina gharama. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini chuma ya maharage na mboga za majani kuingia mwilini. Chungwa, pera, embe au limao husaidia yaingie. Kwa hiyo mama aliyepika maharage na mchicha, akala na kipande cha pera na kuiacha chai mpaka saa moja au mbili baadaye, amefaidi zaidi kwa chakula kile kile. Dagaa, nyama na maini yana madini chuma ambayo mwili huyapokea kwa urahisi zaidi. Wajawazito waendelee kumeza vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa kliniki.

Madini mengine ya nguvu ni magnesiamu, ambayo mwili huihitaji kila unapotumia nguvu iliyohifadhiwa ndani ya seli. Inapatikana katika maharage, karanga, mbegu za maboga, ulezi na unga wa dona. Potasiamu ipo katika ndizi, viazi, maharage, parachichi na mboga za majani. Hakuna hata kimoja hapa kinachohitaji kuagizwa kutoka nje.

5. Je, si tunaambiwa tupunguze chumvi?

Swali hili huulizwa katika kila semina, na ni swali zuri. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja, kwa chakula chote. Chumvi nyingi hupandisha presha, na presha huleta kiharusi na maradhi ya moyo na figo.

Mafundisho haya mawili hayapingani. Tukipiga hesabu, chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kilo hutoa maikrogramu 150 katika gramu 5. Hicho ndicho kiasi anachohitaji mtu mzima. Basi ujumbe ni huu: chumvi iwe kidogo, na hiyo kidogo iwe na madini joto. Itiwe mwishoni mwa mapishi, itunzwe katika chombo chenye mfuniko, mahali pakavu.

6. Jibu kwa kamati kuhusu wauzaji

Sasa tunaweza kujibu. Upungufu wa madini upo, na ni wa kweli. Lakini kila upungufu una jina lake, kipimo chake na tiba yake. Bidhaa moja inayodai kutibu homoni zote, tumbo na uchovu kwa pamoja haijui inatibu nini. Uchovu unaweza kuwa upungufu wa damu, kisukari, kifua kikuu, ugonjwa wa tezi au msongo wa mawazo. Anayenunua unga badala ya kwenda kupimwa anapoteza fedha, na kibaya zaidi anapoteza muda.

Iko hatari nyingine. Mgonjwa wa figo, na anayetumia dawa fulani za presha, hawezi kutoa potasiamu kwa urahisi. Akiongezewa, moyo wake unaweza kusimama. Na chumvi za rangi zinazosifiwa na kuuzwa kwa bei kubwa, kwa kawaida hazijaongezwa madini joto. Mama mjamzito anayeacha chumvi ya kawaida na kutumia hiyo anajirudisha katika hali ya babu zetu.

Kwa hiyo ushauri wetu ni kwamba uwanja wa kanisa usitumike kuuzia bidhaa za namna hii. Watu huamini kinachouzwa kanisani kwa sababu wanaliamini kanisa. Imani hiyo ni amana, nasi tutadaiwa.

7. Yafanyike nini?

Kwa kamati za sharika: tunapendekeza kila usharika uchague watu wawili wa afya, mmoja akiwa mama. Wapime chumvi ya maduka na magenge ya eneo lao mara moja kila robo mwaka kwa dawa ya matone, ambayo hugeuza chumvi yenye madini joto kuwa ya buluu. Wazungumze na wenye maduka kwa upole, maana wengi wao hawajui walichonunua. Pakiti za ORS na zinki ziwekwe kwa mzee wa kila mtaa ulio mbali na zahanati. Bustani ya mboga na miti ya matunda ya usharika iwe shamba la mafunzo.

Kwa wafadhili wetu: tunawashukuru kwa upendo wenu. Tunaomba kwa unyenyekevu shehena ya vidonge isitumwe. Vidonge vya miezi sita huisha baada ya miezi sita, lakini kuongeza madini joto katika chumvi hugharimu senti chache tu za dola kwa mtu kwa mwaka, na huwafikia wote, hata wasiokuja kanisani. Fedha zenu zitafanya kazi kubwa zaidi zikinunua dawa za kupimia chumvi, zikilipia nauli za watu wa afya wa sharika, na zikijenga visima na vyoo, kwa sababu minyoo na kuharisha huyatoa madini ambayo chakula kimeyaingiza.

Katika 2 Wafalme 2:19-22 tunasoma habari za Elisha na watu wa Yeriko, ambao mji wao ulikuwa mzuri lakini maji yake yalileta kifo na kuharibika kwa mimba. Hatusemi kwamba chumvi ya Elisha ilikuwa na madini joto. Uponyaji ule ulikuwa wa Bwana. Lakini tunaona kwamba nabii aliwasikiliza watu kwanza, akaomba kitu kilichokuwa jikoni kwao, akaenda mpaka kwenye chanzo cha maji. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Maswali ya kujadili

1. Chumvi tunayotumia nyumbani inatoka wapi? Tunaihifadhije?
2. Mtoto akiharisha usiku katika mtaa wetu, ORS iliyo karibu iko kwa nani?
3. Ni mazoea gani ya mlo wetu yanayozuia madini chuma kuingia mwilini?
4. Usharika wetu utawajibu nini wauzaji wakija Jumapili ijayo?

Tunaomba kila kamati iandike maazimio yake na kuyatuma kupitia ofisi ya jimbo kabla ya kikao cha robo ijayo. Bwana awabariki na kuwalinda katika utumishi wenu.